Ahueni Iliyochelewa: Fedha za UVIKO-19 na Riziki ya Mzanzibari

Katika mazungumzo mengi ya barazani kuhusu fedha za ahueni ya UVIKO-19, yaani mgao wa Zanzibar katika mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, hoja huishia kwenye majengo. Anayeisifu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huzitaja hospitali za wilaya na skuli za ghorofa. Anayeilaumu huuliza majengo hayo yaligharimu kiasi gani na zabuni alipewa nani. Mimi ninayo hoja nyingine, nayo inaelekea kuwaudhi wote wawili. Fedha zile, hata kama kila shilingi ilitumika kwa uaminifu, zilifika wakati mtu aliyezihitaji amekwisha kuuza alichokuwa nacho, na zilipofika hazikumwendea yeye. Mambo hayo mawili hayakujitokea yenyewe. Yaliamuliwa, na walioyaamua walikuwa na sababu za kisiasa ambazo Wazanzibari tuna haki ya kuzijadili kwa utulivu, kwa kuwa maradhi mengine yatakuja na tutaulizana maswali yale yale.

Mgonjwa wa kwanza wa Zanzibar alitangazwa katikati ya Machi 2020, na kabla mwezi huo haujaisha ndege za watalii zilikuwa zimezuiwa. Anayeijua Unguja anajua kwamba Aprili na Mei ni masika, na kwamba hata katika mwaka wa neema hoteli nyingi za pwani hufunga milango au hupunguza wafanyakazi katika miezi hiyo. Ndiyo maana mwanzoni watu hawakushituka sana. Walidhani msimu mdogo umetangulia kidogo, na kwamba wataitwa kazini Juni mvua zikikatika. Serikali ilitangaza kufungua tena utalii mwanzoni mwa Juni, lakini wageni hawakuja, kwa kuwa huko kwao nako mipaka ilikuwa imefungwa. Mwaka 2019 visiwa hivi vilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 walishuka hadi 260,644, na wengi kati ya hao walikuwa wamekwisha kuja kabla ya Machi, au walikuja mwishoni mwa mwaka kwa ndege za kukodi kutoka Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki. Kati ya hapo kulikuwa na miezi ya ukimya kamili.

Pato la Zanzibar, kwa hesabu za Benki ya Dunia, lilikua kwa asilimia 1.3 tu mwaka ule, baada ya kukua kwa asilimia 7 mwaka uliotangulia. Ukuaji mdogo bado ni ukuaji, na msomaji asiyekuwa mwenyeji anaweza kufikiri kwamba tulinusurika. Lakini wastani wa nchi nzima hauonyeshi fedha ya utalii inavyosafiri. Mgeni anapolala Kiwengwa au Nungwi, mvuvi aliyepiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huuza jodari na pweza wake, mkulima wa Kusini huuza tungule na mboga, dereva hupata safari ya uwanja wa ndege, papasi, kijana anayewaongoza watalii mitaani, hupata chochote kwa kumwonesha mgeni njia, na mama mmoja huko Micheweni, Pemba, hutumiwa fedha kwa simu na kijana wake anayefanya kazi ya kutandika vitanda. Mgeni asipokuja, mnyororo huo wote hukatika kwa siku moja, na wa kwanza kukosa ni yule aliye mbali kabisa na hoteli, kwa kuwa kijana huacha kutuma kwao kabla hajaacha kula yeye.

Mtoto wa ami yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya mashariki ya Unguja. Aliambiwa, pamoja na wenzake wengi, arudi nyumbani na asubiri kuitwa. Mkataba wake ulikuwa wa msimu, kwa hiyo hapakuwa na malipo ya kuachishwa wala michango ya kutosha katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Alirudi Pemba na mkewe na watoto, akaingia katika nyumba ya mamake, na kwa miezi mingi aliuza kimoja baada ya kimoja: jokofu, pikipiki, mwisho mashine ya cherehani ya mkewe, ambayo kwa hakika ndiyo iliyokuwa njia yao nyingine ya riziki. Katika nyumba ile fedha pekee iliyotoka serikalini katika kipindi chote cha maradhi ilikuwa shilingi 20,000 za kila mwezi za mamake mzee, za Pensheni Jamii, malipo ya serikali kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70. Siku moja mke huyo wa ami yangu aliniambia, bila ya kulalamika: «Mwanangu, fedha hii walinipa ninunue dawa na sukari yangu. Sasa watu saba wanaitazama.» Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuhesabu.

Kabla sijafika kwenye hesabu, lazima tuangalie kwa nini msaada ulichelewa. Tanzania ilitangaza takwimu za wagonjwa kwa mara ya mwisho kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020, idadi ikiwa 509. Rais John Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa, akakataa kuwafungia watu majumbani, na mwezi wa Mei alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zimetoa majibu ya kuwa na virusi, hivyo vipimo haviaminiki. Kukataa kuwafungia watu kulikuwa na hoja nzito katika nchi ambayo wengi hula walichokipata siku hiyo hiyo, nami siitupi hoja hiyo hata leo. Lakini kuyakataa maradhi yenyewe ni jambo jingine, na matokeo yake ya kiuchumi hayazungumzwi vya kutosha. Serikali inayosema kwamba maradhi yamekwisha haiwezi kwenda kuomba fedha za dharura za maradhi hayo.

Majirani zetu walikwenda. Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 109.4 kwa Rwanda tarehe 2 Aprili 2020, na tarehe 6 Mei mwaka huo huo likaidhinisha dola milioni 739 kwa Kenya na milioni 491.5 kwa Uganda. Kenya ilikuwa imekwisha kupunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na baadaye ikawalipa vijana wa mitaa ya kimaskini kwa kazi za usafi na ukarabati. Sisi tulipata msamaha wa muda wa marejesho ya deni, pamoja na hatua za Benki Kuu: mwezi wa Mei 2020 riba inayotozwa mabenki ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5, kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka Benki Kuu kikapunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6, na kiwango cha juu cha kutuma fedha kwa simu kikapandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5 kwa siku. Hatua hizo zilikuwa sahihi kwa mfanyabiashara mwenye mkopo benki. Kwa mama wa Micheweni aliyekuwa akisubiri shilingi 20,000 kutoka Nungwi hazikuwa na maana yoyote.

Na hapa ndipo Zanzibar ilipobanwa kuliko mahali pengine popote katika Jamhuri. Afya si jambo la Muungano: tunayo wizara yetu, madaktari wetu na maamuzi yetu. Lakini mikopo ya nje, sarafu na mabenki ni mambo ya Muungano. Maana yake ni kwamba uchumi wetu, unaotegemea wageni kwa kiasi ambacho uchumi wa Tanzania Bara hautegemei, uliumia kwa namna yake peke yake, ilhali ufunguo wa fedha za dharura ulikuwa mkononi mwa serikali ambayo msimamo wake ulikuwa kwamba hakuna dharura. Mkulima wa mahindi wa Mbeya aliweza kuuvumilia msimamo huo bila ya kuhisi gharama yake. Mpishi wa hoteli ya Unguja ndiye aliyeulipia. Na mapato ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na utalii na bidhaa zinazoingia bandarini, yaliporomoka wakati huo huo, kwa hivyo hata kama viongozi wa Unguja wangetaka kutoa, mfuko ulikuwa mwepesi.

Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi. Mikutano ya kampeni ilijaza viwanja Unguja na Pemba, na ahadi kubwa iliyosikika ilikuwa ya ajira 300,000 na Uchumi wa Buluu, yaani uchumi wa bahari. Ni ahadi za miaka mitano. Sikumbuki mgombea wa chama chochote aliyesimama jukwaani akasema: kuna watu waliotolewa hotelini Machi, tutawafanyia hili kabla ya mwezi kwisha. Vyama vyote viligombania kesho, na siwezi kukilaumu kimoja peke yake. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 28, ambao watu wa Pemba bado wanaukumbuka kwa maumivu yasiyo ya kiuchumi, Dk. Hussein Ali Mwinyi aliingia Ikulu ya Zanzibar, na Disemba Maalim Seif Sharif Hamad akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake cha ACT-Wazalendo kikatangaza wazi kwamba Maalim ameambukizwa virusi vya korona. Tangazo lile lilitoka wakati neno hilo halikutamkwa kirahisi na mtu yeyote mwenye cheo. Maalim alifariki tarehe 17 Februari, na mwezi mmoja kamili baadaye akafariki Rais Magufuli.

Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, aliubadili msimamo. Aliunda kamati ya wataalamu, akachanjwa hadharani Julai 2021, takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 7 Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha dola milioni 567.25 kwa Tanzania. Kwa shilingi zilikuwa kiasi cha trilioni 1.3, na mgao wa Zanzibar ulikuwa kiasi cha bilioni 230. Lazima niseme kwa haki kwamba mgao huo ulikuwa mkubwa. Zanzibar ina takriban asilimia 3 ya watu wa Jamhuri, na kiwango tulichokizoea katika misaada ya kibajeti ni asilimia 4.5, safari hii tulipata zaidi ya asilimia 17. Mtu aliyefanya hesabu hiyo alielewa kwamba visiwa vimeumia zaidi. Lakini kutoka Machi 2020 hadi Septemba 2021 ni mwaka mmoja na nusu, na mtoto wa ami yangu hakuwa na kitu cha kuuza kilichobaki.

Fedha zikagawanywa. Zikajengwa hospitali kumi za wilaya, miongoni mwao Kivunge, Kitogani, Vitongoji na Kinyasini, na hospitali ya mkoa Lumumba. Zikajengwa skuli za ghorofa kwa ajili ya kupunguza mikondo miwili na madarasa ya watoto mia. Ikawekwa miradi ya maji. Wajasiriamali wakapewa mikopo nafuu, na wavuvi na wakulima wa mwani wakapatiwa maboti. Sitaki msomaji adhani kwamba ninayadharau haya. Mama mjamzito wa Makunduchi ambaye zamani alipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja mjini usiku sasa anaweza kupata huduma Kitogani, na huenda maisha yake yameokolewa kwa jengo lile. Hospitali zilihitajika kabla ya UVIKO-19 na zitahitajika baada yake. Ninachosema ni kwamba huo ulikuwa mpango wa maendeleo, na mpango wa maendeleo haufanyi kazi ya fedha ya dharura. Mkopo nao, hata usiokuwa na riba, humsaidia mwenye biashara inayoanza kupata wateja; kwa aliyekwisha kula mtaji wake ni deni tu.

Kwa nini basi fedha nyingi zilikwenda kwenye kuta? Jibu la haraka la watu wa barazani ni kwamba jengo lina jiwe la msingi, na jiwe la msingi lina jina la kiongozi, na jina hilo litasomwa katika kampeni zijazo. Hilo ni kweli lakini halitoshi. Hata fedha taslimu inaweza kuandikwa jina: mwaka 2020 Marekani ilipitisha mpango wa dola trilioni 2.2 na kumpa kila mtu mzima mwenye kipato cha kawaida dola 1,200, na hundi za karatasi zilizotumwa kwa posta zilichapwa jina la Donald Trump, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na rais yeyote kabla yake katika malipo ya aina hiyo. Siasa ilikuwamo, na mno. Hata hivyo hundi ilimfikia mtu jikoni kwake ndani ya wiki chache. Hivyo hamu ya kiongozi ya kuonekana haimzuii kuwapa watu fedha. Inaweza hata kumsukuma.

Kwetu ninaamini sababu nzito zaidi ni hofu ya orodha. Ili kumpa mtu fedha lazima aandikwe, na Zanzibar kuandikwa kwa mtu kumekuwa chanzo cha ugomvi wa kisiasa kwa miaka mingi. Sheha, mkuu wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji, huteuliwa, hachaguliwi. Sheha ndiye anayethibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia, na bila ya uthibitisho huo wengi wamekosa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na bila ya kitambulisho wakakosa kuandikishwa kupiga kura. Fikiria sasa mwaka 2020 au 2021, vidonda vya uchaguzi vikiwa bado vibichi, sheha wa Wete au wa Bumbwini aambiwe aandike majina ya walioathirika ili walipwe. Nusu ya kijiji wangesema wametengwa kwa ajili ya chama chao, na huenda wangesema kweli. Ukuta hauna ugomvi huo. Hospitali haiulizi kadi ya chama. Kwa kiongozi anayejaribu kuituliza Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ukuta ulikuwa chaguo la amani.

Lakini orodha moja isiyogombewa ilikuwepo. Tangu Aprili 2016, chini ya Dk. Ali Mohamed Shein, kila mzee wa Zanzibar aliyefikisha umri wa miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii bila ya kuulizwa kama ni maskini au tajiri, wala alikuwa mfanyakazi wa serikali au mkulima. Ni mpango wa kujivunia, unaolipwa kwa bajeti yetu wenyewe, na ni mataifa machache ya Afrika yaliyokuwa na kitu kama hicho. Masharti yake ni umri na ukaazi. Wazee walikwisha kuandikwa, vituo vya malipo vilikwisha kujulikana, na kwa jinsi familia zetu zinavyoishi, fedha ya bibi ni fedha ya nyumba nzima. Nyumba ya mke wa ami yangu haikuwa ya ajabu. Vijana waliotolewa hotelini walirudi kwa wazee wao, Unguja na Pemba.

Tuhesabu, na tuhesabu kwa kujibana. Tuchukulie kwamba wazee wote ni 30,000. Kumwongezea kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani kumlipa mara mbili, ni shilingi milioni 600 kwa mwezi na bilioni 7.2 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja na nusu ni bilioni 10.8. Katika fedha za ahueni za bilioni 230, hizo hazifiki asilimia 5. Tungeweza kuwalipa mara tatu kwa muda wote huo, na bado asilimia 90 ya fedha ingebaki kwa hospitali na skuli. Hata kabla ya mkopo kufika, katikati ya mwaka 2020, serikali ingeweza kuanza kidogo kwa kuahirisha mradi mmoja au miwili ya ujenzi. Sijaona ushahidi wowote kwamba wazo hili lilijadiliwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama lingejadiliwa likakataliwa.

Pemba ilikuwa na mfereji wa pili wa kuwafikishia watu fedha. Karafuu zote za Zanzibar hununuliwa na shirika moja la serikali, ZSTC, kwa bei inayopangwa na serikali, na tangu mwaka 2011 sera imekuwa ya kumpa mkulima sehemu iliyo kubwa ya bei ya dunia, asilimia 80. Karafuu haina msimu mzuri kila mwaka, kwa hiyo si dawa ya kutegemewa peke yake, lakini nyongeza ya muda katika bei, au posho kwa wachumaji wanaolipwa kwa pishi, ingefika shamba kwa shamba bila ya orodha mpya hata moja.

Nimesikia jibu kwamba fedha ya mkononi huliwa ikaisha, ilhali jengo hubaki. Anayesema hivyo na ajiulize mashine ya cherehani ilikwenda wapi. Familia inayopewa shilingi elfu ishirini zaidi kwa mwezi haiuzi chombo chake cha kazi, na chombo kisichouzwa nacho hubaki. Mvuvi asiyeuza mashine ya boti anarudi baharini siku ile hoteli inapofungua. Fedha ile ile, inapoingia duka la shehiani, humpa mwenye duka uwezo wa kuendelea kukopesha unga. Aidha tukumbuke kwamba theluthi mbili ya mkopo ule wa Septemba 2021 ulikuwa wa aina inayorejeshwa ndani ya miaka mitano, si wa miaka kumi usio na riba. Tulikopa kwa muda mfupi kwa jina la dharura, na mtu wa dharura hakuonja.

Wageni walirudi: 548,503 mwaka 2022, zaidi ya mwaka 2019, na 638,498 mwaka 2023. Mtoto wa ami yangu alirudi kazini katika hoteli nyingine, kwa mshahara uliopungua, na mkewe hana mashine hadi leo. Mwaka huo huo wa 2023 Rais Mwinyi aliipandisha Pensheni Jamii kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000 kwa mwezi, hatua niliyoipokea kwa furaha ya kweli na ambayo imethibitisha kwamba mfuko unaweza kuibeba nyongeza kubwa kuliko ile ya shilingi 20,000 niliyoihesabu hapo juu. Kinachokosekana ni kanuni, iliyopitishwa mapema na Baraza la Wawakilishi, ya kwamba idadi ya wageni ikishuka chini ya kiwango fulani kwa miezi miwili mfululizo, malipo ya Pensheni Jamii yanaongezeka yenyewe bila ya kusubiri Dodoma, Washington wala hotuba ya mtu yeyote. Wizara inayohusika na fedha inaweza kuiandika rasimu yake katika bajeti ijayo, na wawakilishi wa majimbo ya pwani, ambao wapigakura wao ndio wafanyakazi wa hoteli, ndio wa kwanza kuulizwa kwa nini bado haijaandikwa.